Mikurupuko ya maradhi: Uchunguzi huanza na neno la mgonjwa

Vyombo vya habari vya Kenya vimelizoea neno 'mkurupuko'. Tunasikia kuhusu mkurupuko wa kipindupindu, mkurupuko wa surua, mkurupuko wa homa ya Bonde la Ufa. Wenzetu wa Tanzania hupendelea zaidi 'mlipuko'. Maneno yote mawili yamekubalika na hakuna haja ya kuyafukuza. Hata hivyo, yana kasoro moja ya kimaana inayofaa kuangaliwa. Kukurupuka ni kutoka mahali ghafla kwa mshtuko, kama sungura aliyekanyagiwa kichaka chake. Kulipuka nako ni kwa baruti. Msomaji anayekutana na maneno haya anabaki na picha ya ugonjwa uliotokea tu, hauna ulikotoka wala njia uliyopitia.

Ilhali kazi yote ya wachunguzi wa maradhi ya kuambukiza ni kuonyesha kinyume chake. Ugonjwa ulikuwa njiani. Aghalabu kulikuwa na watu waliouona ukija, wakauzungumzia na hata wakaupa jina, kabla ya afisa yeyote kujaza fomu. Leo tuitazame historia ya uchunguzi huo katika eneo letu la Afrika Mashariki, tukifuata maneno machache ambayo dunia nzima inayatumia bila kujua yalitoka vinywani mwa nani. Hoja yenyewe ni nyepesi kuieleza: pale mchunguzi aliposikiliza lugha ya wagonjwa, alifika karibu na ukweli, pale neno lilipopuuzwa au kubandikwa ugonjwa mwingine, kosa lilidumu, wakati mwingine kwa zaidi ya karne.

Daktari wa Unguja na wasafiri wa bara

Wanafunzi wa afya ya umma hufundishwa kwamba uchunguzi wa aina hii ulianzia London mwaka 1854, daktari John Snow alipoweka alama kwenye ramani penye kila kifo cha kipindupindu katika mtaa wa Soho na kugundua kwamba vifo vimezunguka bomba moja la maji. Maswali yake ndiyo yanayoulizwa hadi leo: nani ameugua, wapi, na lini? Wachache hufundishwa kwamba miaka 15 tu baadaye, maswali yayo hayo yaliulizwa Unguja.

Aliyeyauliza ni James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Zanzibar na kumhudumia Sultani. Mnamo 1869 kipindupindu kilifika Pangani na kabla ya mwaka kwisha kikawa kimeingia Unguja, ambako kiliua watu kwa maelfu hadi 1870. Haikuwa mara ya kwanza. Pwani yetu ilikuwa imekwisha kupigwa katika miaka ya 1820, ya 1830, na tena 1858 hadi 1859. Kila mara watu walitazama baharini, kwani ndiko jahazi za Arabuni na Bara Hindi zilikotoka na upepo wa kaskazi.

Christie hakuridhika na dhana hiyo. Aliwauliza wafanyabiashara, manahodha na watu wa misafara. Hakuwauliza dalili peke yake. Aliwauliza walipita njia ipi, walikutana na nani, walisikia watu wanakufa wapi na katika msimu gani. Kutokana na masimulizi hayo aliunganisha mlolongo uliowashangaza wengi. Safari hii ugonjwa haukuja kwa bahari. Ulitoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita Uhabeshi, ukashuka hadi nchi ya Wamaasai, na misafara ya pembe za ndovu iliyokuwa ikirudi kutoka huko ndiyo iliyouleta Pangani. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876. Ukikisoma utaona kwamba nusu yake ni jiografia, biashara na desturi za watu. Ndivyo inavyopasa kuwa, kwani ugonjwa wa kuambukiza husafiri kwa njia wanazosafiri watu.

Kumbuka kwamba wakati huo Robert Koch alikuwa bado hajamwonyesha ulimwengu kidudu cha kipindupindu. Hilo lilitokea miaka ya 1883 na 1884. Christie hakuwa na maabara ya kumsaidia. Alichokuwa nacho ni masikio, na watu waliokuwa tayari kumweleza walichokiona.

Tusiliache neno lenyewe lipite. 'Kipindupindu' limejengwa kwa shina tunalolisikia katika 'pinda' na 'pindua', likarudufishwa ili kukazia. Aliyewahi kumwona mgonjwa aliyeishiwa na maji mwilini, misuli ikimkaza na kumkunja, hahitaji kufafanuliwa kwa nini. Jina hili ni ripoti fupi ya dalili.

Kidinga pepo: Neno lililovuka bahari

Kipindupindu hakijapoa, Unguja ikapatwa na ugonjwa mwingine. Kuanzia Julai 1870 hadi Januari 1871 watu walishikwa ghafla na homa kali, vipele, na maumivu ya viungo yaliyowafanya watembee kwa shida. Waliokufa walikuwa wachache, ila karibu kila nyumba iliguswa. Christie, akiwa daktari, angeweza kuupa jina la Kilatini akaendelea na shughuli zake. Badala yake aliandika jina alilolisikia mitaani: kidinga pepo. Mwaka 1872 jina hilo lilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza.

Wazee wa Unguja walimwambia kitu cha thamani kubwa zaidi: ugonjwa huo hawakuuona mgeni. Walikumbuka kwamba uliwahi kuja zamani, takriban mwaka 1823, na ukaitwa jina lilo hilo. Hebu tafakari uzito wa kauli hiyo. Pasipo rejista, pasipo hospitali, neno moja lilikuwa limehifadhi kumbukumbu ya ugonjwa kwa karibu nusu karne, kiasi kwamba uliporudi ulitambuliwa.

Christie hakuishia hapo. Alijua kwamba mnamo 1827 na 1828 visiwa vya Karibiani vilipigwa na ugonjwa unaofanana sana na huo. Wasemaji wa Kiingereza huko waliuita 'dandy', yaani mlimbwende, kwa kuwa mgonjwa alitembea amekakamaa kama mtu anayejiona. Wahispania wa Cuba waliuita 'dengue', neno ambalo kwao tayari lilikuwa na maana ya madaha. Christie alipendekeza kwamba majina hayo yalikuwa masikio ya kigeni yakihangaika na neno la Kiswahili 'dinga', lililovuka bahari katika enzi ya biashara ya utumwa. Kamusi kadhaa kubwa za Kiingereza zimeipokea asili hiyo. Kwetu, neno lenyewe lilibadilika kidogo. 'Pepo' akawa 'popo', na kamusi za Kiswahili zikaandika 'kidingapopo' kwa maana ya homa ya dengue.

Hapo ndipo kisa kinapopata utata. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alirejea maelezo ya kale na kuuliza swali la kusumbua: je, kilichoitwa dengue Unguja mwaka 1823 na 1870 kilikuwa kweli dengue? Ugonjwa tunaouita dengue leo huleta homa, kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho na, kwa baadhi ya wagonjwa, kuvuja damu. Wagonjwa wa Unguja walilalamikia zaidi viungo, tena maumivu yaliyokuwa yakirudi muda mrefu baada ya homa kwisha. Picha hiyo inalingana na ugonjwa mwingine kabisa, nao ni chikungunya. Kama Carey alisema kweli, basi neno la Kiswahili lilichukuliwa kutoka kwa wenye ugonjwa mmoja likapewa ugonjwa mwingine, na sayansi ikaishi na jina hilo lililohamishwa.

Newala, 1952

Twende basi kusini, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, wilaya ya Newala, ambayo wakati huo ilikuwa katika Tanganyika. Mwaka 1952 watu wa huko walianza kuangushwa na homa iliyokuja ghafla, pamoja na maumivu ya viungo makali kiasi kwamba mtu hakuweza kunyooka. Daktari Marion Robinson aliwachunguza wagonjwa na kuandika dalili zao kwa makini. Mwenzake, W. H. R. Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alishughulikia upande wa kuenea kwa ugonjwa. Ripoti zao mbili zilichapishwa 1955. Mwaka uliofuata, R. W. Ross alichapisha maelezo ya virusi vilivyopatikana kwenye damu ya wagonjwa.

Wangeweza kuuita homa ya Newala. Hawakufanya hivyo, walichukua neno la Wamakonde wenyewe. Chikungunya linatokana na kitenzi cha Kimakonde kinachomaanisha kujikunja au kupindika. Mwanafunzi wa ngeli ataona mara moja kwamba 'chi-' ya Kimakonde ni ndugu wa 'ki-' yetu. Chikungunya ni kile kinachokunja, sawa na kipindupindu, kifafa, kifaduro na maradhi mengine yaliyojaa katika ngeli ya KI-VI. Vitabu kadhaa vya tiba vimeandika kwamba hili ni neno la Kiswahili. Si kweli, na ni haki ya Wamakonde kurejeshewa mali yao.

Lumsden naye aliona jambo lililotokana na maisha ya mahali penyewe. Uwanda ule hauna maji. Wanawake waliteremka mabondeni kuyateka na kuyabeba hadi nyumbani, na kwa vile yalipatikana kwa taabu, yaliwekwa mitungini ndani ya nyumba kwa siku nyingi. Mitungi hiyo ndiyo iliyokuwa mazalio ya mbu aina ya Aedes aegypti. Kwa hivyo ugonjwa ule haukuwa na uhusiano na mvua na vinamasi, kama tulivyozoea kufikiri kuhusu mbu. Ulitokana na uhaba wa maji na namna watu walivyoukabili.

Miaka saba baadaye, mwaka 1959, ugonjwa unaokaribiana na huo ulizuka kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, jina linalohusu kudhoofika na kulegea kwa viungo. Ulisambaa hadi Kenya, Tanganyika na kwingineko, na kukadiriwa kuwapata watu wapatao milioni mbili kufikia 1962. Wachunguzi waliliandika jina la Kiacholi kama walivyolisikia, na wakagundua kwamba safari hii aliyeueneza ni mbu wa Anopheles, yule yule wa malaria.

Lamu, 2004

Basi tulikuwa na maarifa: ugonjwa umechunguzwa, jina lipo, njia ya kuenea inajulikana, na vyote vimetoka hapa hapa kwetu. Je, tuliyatumia?

Katikati ya mwaka 2004, watu wa kisiwa cha Lamu walianza kulalamikia homa kali na viungo kuuma. Kilikuwa kipindi cha ukame, na nyumba nyingi zilihifadhi maji kwenye vyombo ambavyo havikuwa vikimwagwa na kusuguliwa mara kwa mara. Naam, hadithi ya mitungi ya Newala ilikuwa inajirudia nusu karne baadaye. Utafiti uliofanywa kisiwani Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa chikungunya. Kwa maneno mengine, watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameshapata virusi. Wazee wa Lamu walikuwa na desturi ya kufuga samaki wadogo ndani ya birika za nyumba na misikiti ili wale viluwiluwi vya mbu. Elimu hiyo ilikuwa imebuniwa mahali pale pale, ila ndoo na mapipa ya plastiki hayana samaki.

Kutoka Lamu, ugonjwa ulifika Mombasa, kisha Komoro mwaka 2005. Kati ya 2005 na 2006 uliwapata zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion. India ilihesabu zaidi ya wagonjwa milioni moja mwaka 2006, na mwaka 2007 ukaonekana Italia. Kwetu ulirejea Mandera mwaka 2016, na Mombasa kati ya 2017 na 2018.

Mfano mwingine unatoka kaskazini mashariki. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kisayansi mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Naivasha. Waliouchunguza ni R. Daubney, J. R. Hudson na P. C. Garnham, nao wakaubatiza jina la mahali. Ugonjwa huo ulipozuka mwishoni mwa 2006 katika eneo la Garissa, ulithibitishwa Desemba kwa binadamu. Watafiti walioenda baadaye kuzungumza na wafugaji wa Kisomali walikuta kwamba wafugaji walikuwa na jina la ugonjwa wa mifugo unaofanana nao, sandik, linalohusu damu puani. Walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida, makundi makubwa ya mbu, kisha mifugo ikiharibu mimba na kufa. Walijua kuna jambo kabla ya mfumo rasmi kujua. Taarifa ilikuwepo malishoni, ikakosa njia ya kufika ofisini.

Lugha ya fomu na lugha ya mgonjwa

Tangu 1998 nchi za Afrika zimekubaliana kufuata mkakati mmoja wa ufuatiliaji wa magonjwa, ambapo taarifa hupanda kutoka kijijini hadi zahanati, kaunti, wizara na kisha kimataifa. Mwaka 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba. Huo ni utajiri wa masikio ambao Christie hakuwahi kuuota. Lakini masikio hayo yanasikia nini, na yanaandika nini?

Chukua neno 'homa'. Kwa msemaji wa Pwani, homa ni joto la mwili. Kwa Wakenya wengi wa bara, 'niko na homa' maana yake ni mafua na kukohoa kidogo. Mhudumu akiuliza, 'Mama, mtoto ana homa?', anaweza kuambiwa hapana ilhali mtoto anawaka moto. Afadhali aulize, 'Mwili wake una joto jingi?'

Chukua 'viungo'. Neno hili lina maana ya pale mifupa inapokutana, lina maana ya sehemu yoyote ya mwili, na jikoni ni bizari na mdalasini. Mgonjwa akisema 'viungo vyote vinaniuma', je, ni misuli au ni magoti na vifundo? Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha chikungunya na homa nyingine nyingi, na pengine ndiyo iliyowachanganya madaktari kwa miaka 100 kuhusu kidinga pepo. Ukitaja 'magoti, viwiko, vifundo vya mikono na miguu', hapana atakayekosea.

Chukua pia 'kuhara'. Kwa adabu, watu wengi hawalitamki mbele ya mgeni, na hasa mbele ya mkubwa wao. Watasema tumbo linaendesha, au limechafuka, au 'nimekuwa nikitoka nje usiku kucha'. Asiyejua tasfida hizi atapitwa na kipindupindu mlangoni. Anayezijua atauliza taratibu kama anachokitoa mgonjwa kinafanana na maji ya kuoshea mchele, maelezo ambayo kila mpishi wa Kiswahili anayaelewa na ambayo ndiyo dalili mashuhuri ya ugonjwa huo.

Majina nayo yanataka uangalifu. Mwaka 1976, wachunguzi waliokwenda Yambuku, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliamua kuuita ugonjwa mpya kwa jina la mto Ebola ili kijiji kisibebe aibu milele. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, watu wala wanyama. Sababu yake si hisia peke yake. Jina likiaibisha, wagonjwa hujificha, na mgonjwa aliyejificha haripotiwi. Ukilinganisha, majina ya kipindupindu, chikungunya na o'nyong-nyong hayamlaumu mtu yeyote. Yanaeleza tu mwili unavyofanywa. Wahenga wetu walikuwa wameufuata mwongozo huo kabla haujaandikwa.

Kutokana na haya, kuna mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kungojea bajeti kubwa. Kwanza, mafunzo ya wahamasishaji wa afya yaambatane na orodha ya maneno ya dalili kama yanavyotumika katika kila eneo, si tafsiri ya fomu ya Kiingereza iliyofanywa ofisini Nairobi. Idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika katika vyuo vikuu vyetu zina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Mada ni hii. Pili, fomu iwe na nafasi ya kuandika neno la mgonjwa kama alivyolitamka, kando ya jina la kitaalamu. Jina jipya likianza kusikika katika vijiji vitatu au vinne kwa wiki moja, hiyo yenyewe ni ripoti. Tatu, sisi wa vyombo vya habari tunapoandika kuhusu mkurupuko tuulize pia uliko kurupuka: watu walianza kuuzungumzia lini, waliuitaje, na walimwambia nani?

Maana mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho huwa kwamba walisema, tena mapema, kwa lugha yao, na aliyesikia hakuona pa kuyaandika maneno yao.